Siku tatu Iskandaria ukiwa na mama: jibu kwa dada wa Tanga

Kuna dada wa Tanga kaniuliza swali refu, nalifupisha ili na wengine mfuate. Mwanzoni mwa mwezi wa 12 anakuja Cairo kikazi, anakuja na mama yake mwenye miaka 64 ambaye magoti yanamsumbua, kazi inaisha Alhamisi na ndege ya kurudi Dar ni Jumatatu usiku. Hapo katikati wanataka kuiona Iskandaria, na hotelini kwao wameshapewa bei ya safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Anauliza: siku moja inatosha? Walale wapi, waone nini waache nini, na je baridi ikoje huko.

Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Mimi naishi hapa Misri na kazi yangu ni kupangia watu safari, wengi wao wa kutoka kwetu, kwa hiyo nakujibu kama ningemjibu dada yangu wa tumbo moja: hiyo ya siku moja usiichukue. Cairo mpaka Iskandaria ni kilomita 220 hivi, kwa gari weka masaa matatu ukihesabu na foleni ya kutoka Cairo, kurudi masaa matatu mengine, na mwezi wa 12 jua linazama kama saa kumi na moja jioni na sehemu nyingi za kale zinafunga kabla ya hapo. Sasa toa hesabu, mtabaki na masaa manne au matano mjini, na ndani ya hayo watawazungusha vituo vinne vitano na chakula cha mchana kwenye mgahawa waliouchagua wao, mama anapanda basi anashuka basi anapanda basi, jioni ukimuuliza kaona nini atakwambia kaona barabara. Mna Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, laleni huko siku mbili.

Na kuna sababu nyingine kubwa kuliko uchovu. Iskandaria sio kama Giza ambako unafika tu piramidi hizo hapo mbele yako. Vitu vilivyoupa mji huu jina duniani, mnara wa taa na maktaba ya kale na majumba ya akina Ptolemy na Cleopatra, vyote havipo, vingine vimevunjika na vingine viko chini ya maji pale pale bandarini. Mtu akija mbio mbio anaondoka akisema mbona hamna kitu. Lakini ukijua nini kilienda wapi unaanza kuviona vipande, na mimi watu wangu huwa nawapangia safari kwa kuufuata mnara wa taa, nitakueleza.

Mnara huo, ule wa Pharos, ulijengwa karibu mwaka 280 kabla ya Kristo, miaka hamsini tu hivi baada ya Aleksanda Mkuu kuanzisha mji mwaka 331 KK. Ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, ni mojawapo ya yale maajabu saba, na ulisimama kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano ukiwaongoza mabaharia mpaka matetemeko yakaumaliza, yale makubwa ya 1303 na 1323 ndo yaliyouua. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa 1326 akaukuta upande mmoja umebomoka, akarudi 1349 akakuta hata mlangoni hapafikiki. Na katikati ya hizo safari zake mbili, mwaka 1331, alifika Mombasa na Kilwa! Yaani mtu huyo huyo aliyeuona mnara ukifa ndiye aliyetuandikia habari za Kilwa, mimi kila nikipita pale namfikiria.

Sasa vipande viko wapi. Kwanza ngome ya Qaitbay, ile iliyo kwenye ncha ya ghuba, Sultani Qaitbay aliijenga kati ya 1477 na 1479 pale pale ulipokuwa mnara na mawe ya mnara yakatumika. Mkiingia msitazame bahari tu, angalieni na kuta, kuna graniti nyekundu ya Aswan ambayo hailingani na mawe ya chokaa yanayoizunguka, inaaminika hayo ni mabaki ya mnara. Pili Kom el-Dikka, katikati ya mji, kwenye bustani yake wameweka mawe makubwa yaliyoinuliwa kutoka baharini chini ya ngome miaka ya 1990 wapiga mbizi walipoanza kuyachunguza, watu wengi wanayapita tu wakikimbilia ukumbi wa Kirumi. Tatu ni lile sanamu refu la mfalme Ptolemy lililosimama nje ya maktaba mpya, nalo lilitolewa majini hapo hapo mwaka 1995. Ukivipata hivyo vitatu umeuona mnara kadiri binadamu wa leo anavyoweza kuuona, na mama hahitaji kupanda ngazi nyingi.

Tuje kwenye usafiri. Chukueni treni, sio gari, hasa Ijumaa asubuhi. Inaondoka stesheni ya Ramses, inatumia masaa mawili na nusu mpaka matatu kutegemea inasimama mara ngapi, na kuna zile treni mpya za Kihispania za Talgo ambazo viti vyake ni vizuri kwa mtu mwenye magoti, kateni tiketi mapema siku chache kabla, pasipoti mkononi. Kitu kimoja kinachowachanganya wageni ni namba: behewa na kiti mara nyingi vimeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, na ٥ ni tano ingawa inaonekana kama sifuri, ٦ ni sita ingawa inafanana na saba yetu, sifuri yenyewe ni nukta tu. Kama mama alisoma chuo cha Kurani utotoni basi yeye ndo atakuwa kiongozi wa msafara hapo, na atawasaidia hata sokoni maana bei za samaki na matunda zinaandikwa hivyo hivyo.

Halafu Iskandaria kuna stesheni mbili na watu wanashuka kimakosa. Ya kwanza ukitokea Cairo ni Sidi Gaber, ya mwisho kabisa ni Mahattat Misr. Nyie mkienda shukeni ya mwisho kwa sababu iko karibu zaidi na mtakapolala, mkirudi nitawaambia pandeni wapi.

Mlale Mahattat el-Raml, karibu na uwanja wa Saad Zaghloul, hapo hata usipande gari una bahari, una migahawa, una makumbusho. Kama bajeti inaruhusu kuna Cecil, hoteli ya mwaka 1929 inayotazama ghuba. Kama hairuhusu, majengo ya zamani ya mitaa hiyo yana hoteli ndogo na nyumba za wageni za bei nafuu ghorofa za juu, ni safi nyingi tu, ila kabla ya kulipa uliza maswali mawili: lifti inafanya kazi? (sio ipo, inafanya kazi) na je chumba kina kiyoyozi cha kutoa joto. Lifti nyingi ni zile za kizamani za milango ya chuma, zinapanda taratibu, na siku ikigoma mama atapanda ghorofa ya sita kwa miguu, hilo hatulitaki. Na chumba cha kutazama bahari ambacho kila mtu anakililia, kwa mwezi wa 12 mimi ningechukua cha pembeni, upepo unapiga filimbi kwenye madirisha ya mbao usiku kucha.

Hapo ndo nijibu la baridi. Mchana ni nyuzi 20 hivi, usiku inashuka mpaka 11 au 12, kwenye karatasi inaonekana ndogo lakini mtu wa Tanga akisimama Kornishi, ile barabara ya kando ya bahari, jioni na ule upepo atatetemeka, bebeni jaketi la kuzuia upepo na soksi na kilemba au skafu ya shingo, viatu vya kufunga. Na kuna mvua. Watu wa Iskandaria wana kalenda yao ya dhoruba za baridi, wanaziita nawa, kila moja ina jina lake na tarehe zake za kutegemewa, na ya mwanzoni mwa mwezi wa 12 inaitwa Qasim, ikija inaweza kukaa siku kadhaa, mawimbi yanaruka ukuta yanamwagika barabarani na mitaa ya chini inajaa maji. Haina maana msije. Ina maana mmuulize mwenye hoteli Ijumaa hiyo hiyo hali ya hewa ya kesho, na ikiwa ni mbaya mgeuze ratiba, mambo ya ndani kwanza, ngome mwisho.

Sasa siku zenyewe. Ijumaa mtafika karibu na mchana, maduka mengi yamefungwa kwa ajili ya swala, maktaba siku hiyo usiiweke kabisa. Wekeni mizigo, kuleni. Hapo Raml kuna mgahawa wa siku nyingi unaitwa Mohamed Ahmed, ful (maharage ya Kimisri) na falafeli na mayai, bei rahisi, unajaa kila wakati lakini meza zinaachwa haraka. Mpumzike, baada ya alasiri mchukue teksi (zile za njano na nyeusi, patana bei kabla ya kukaa, au tumia Uber mkwepe mjadala) mpaka mtaa wa Bahary kwenye msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi. Huyu ni walii wa asili ya Murcia kule Andalusi, alifariki 1286, alikuwa mwanafunzi wa Abul Hassan al-Shadhili, ndiyo ile twarika ya Shadhiliya ambayo hata Komoro na pwani yetu inafahamika. Jengo la sasa ni la karne ya 20, alilisanifu Mtaliano Mario Rossi, ndani ni pana na taa zake zinapendeza sana jioni.

Ila kwa watu wa pwani mimi nasema kito kiko ng'ambo ya uwanja, msikiti mdogo ambao watalii hawauingii. Pale amezikwa Imamu al-Busiri. Ndiyo, huyo huyo wa Burda, ile kasida ya kumsifu Mtume! Ile Burda mnayoisikia Tanga, Lamu, Mombasa, Unguja, kwenye maulidi na kwenye nyumba za wagonjwa, mwenyewe amelala hapo, na beti zake zimeandikwa kuzunguka kuta za ndani. Na Hamziya, kasida yake nyingine, ndiyo iliyogeuzwa kwa Kiswahili cha kale na Sayyid Aidarus huko kaskazini mwa pwani yetu, moja kati ya tungo za zamani kabisa tulizonazo kwa lugha yetu. Nimewapeleka kina mama wa pwani pale, wanakaa chini kimya, kisha mmoja anaanza kuisoma kwa sauti ya chini na wengine wanaitikia. Wanawake wana sehemu yao na mlango wao, ulizeni, mvae mavazi ya stara na mwe na noti ndogo ya yule anayeangalia viatu. Msiwe na haraka pale, kama mama anataka kukaa mpaka magharibi mwache akae.

Mkitoka hapo mna njaa na mko penyewe, Bahary na Anfushi ndo mtaa wa samaki. Utaratibu ni huu: samaki wamepangwa kwenye barafu mlangoni, unaonyesha unaowataka, wanapimwa kwa kilo mbele yako, hapo ndo unauliza bei kabla hawajaingia jikoni, halafu unasema wapikwe vipi. Singari ni samaki aliyepasuliwa mgongoni akafunguliwa, akatandazwa nyanya, vitunguu, pilipili hoho na kitunguu saumu akaingia oveni, mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Radda wanampaka pumba za ngano wanamchoma mpaka ngozi iwe nyeusi, usiogope huo weusi, unaubandua nyama ndani ni nyeupe na laini. Wali wake unaitwa sayadiya, wa rangi ya kahawia kwa vitunguu vilivyokaangwa sana, na jira unaisikia kila mahali. Nazi sahau. Kamba, kaa, vyote vipo, ila bei ya kamba iulize mara mbili.

Jumamosi ni ya upande wa ndani ya mji. Anzeni mapema saa tatu asubuhi na makaburi ya Kom el-Shoqafa, na hapa tuongee ukweli kuhusu magoti. Kuteremka ni ngazi 99 za mzunguko, zinazunguka shimo ambalo zamani waliteremshia maiti kwa kamba, na hakuna lifti. Kama mama anaweza kupanda ghorofa tano taratibu kwa kupumzika basi ateremke, kama hawezi usimlazimishe, mpeane zamu ya kukaa naye juu, ateremke mmoja. Makaburi haya ni ya karne ya 2, yalijulikana mwaka 1900 baada ya punda kutumbukia kwenye shimo, na kilichomo ndani hukipati sehemu nyingine. Kwenye mlango wa kaburi kuu yuko Anubis, yule mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, lakini amevalishwa kama askari wa Kirumi, dirii na yote, na pembeni nyoka wawili wenye ndevu na mataji ya mafarao na juu yao ngao zenye uso wa Medusa wa Kigiriki, yule mwenye nywele za nyoka. Simama hapo dakika tano uangalie. Dini tatu kwenye mlango mmoja, na waliozikwa humo waliona sawa tu. Kuna na ukumbi wenye mabenchi ya mawe ambapo ndugu wa marehemu walikuwa wanakuja kula, kama arobaini vile ila inafanyika kaburini kwenyewe.

Kutoka hapo mpaka ile wanayoiita Nguzo ya Pompey ni mwendo mfupi. Haina uhusiano na Pompey, yule jenerali wa Kirumi, ilisimamishwa kumheshimu Kaizari Diocletian karibu mwaka 298, karibu mita 27 ukijumlisha na kitako na kichwa, na shina lote ni jiwe moja la graniti lililoletwa kutoka Aswan, upande wa pili wa nchi. Hapo palikuwa na hekalu la mungu Serapis lililobomolewa mwaka 391. Nusu saa inatosha.

Kisha teksi mpaka Kom el-Dikka. Ukumbi mdogo wa Kirumi wenye safu 13 za viti vya marumaru, uligunduliwa miaka ya 1960 na wataalamu wa Poland, simameni katikati ya sakafu muongee mtasikia sauti inavyorudi. Nyuma yake ndo kuna kitu kikubwa zaidi kuliko huo ukumbi, madarasa. Madarasa ya kweli ya karne ya 5 mpaka ya 7, kama ishirini hivi yamepangana, mabenchi ya mawe yamezunguka kuta tatu na kiti cha mwalimu kimeinuliwa mbele. Mji huu ulikuwa wa wasomi, hapa ndipo msomi wa Kigiriki Eratosthenes aliupima mzunguko wa dunia kwa kivuli, na ingawa yeye aliishi karne nyingi kabla ya madarasa hayo, hapo unaona kwa macho kwamba kusoma kulikuwa kazi ya mji mzima. Mkiwa hapo msisahau yale mawe ya baharini niliyosema.

Mchana nendeni Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi, ilifungwa 2005 ikafunguliwa tena mwezi wa 10 mwaka 2023, imepangwa vizuri sana sasa. Mkishachoka mwende mkakae kwenye moja ya mikahawa ya zamani, Délices ya mwaka 1922 au Trianon, keki na chai. Jumamosi usiku msiweke kitu kingine chochote, tembeeni Kornishi kidogo mlale. Kuvuka hiyo barabara ya Kornishi usifuate wenyeji wanavyojitupa katikati ya magari, tafuteni njia za chini ya barabara, zipo kila baada ya umbali fulani, polepole na mama.

Jumapili hapa ni siku ya kazi, foleni ipo. Saa tatu ngome ya Qaitbay, ndani kuna ngazi lakini uwanja na kuta za chini zinatosha kwa mama. Wenye mikokoteni ya farasi watawafuata pale nje, kama hamtaki semeni la shukran (hapana, asante) mara moja na muendelee kutembea, kama mnataka bei ikubaliwe ya safari nzima na ya watu wote. Saa nne na nusu muwe Bibliotheca Alexandrina, ile maktaba mpya iliyofunguliwa 2002. Mabegi yanabaki nje kwenye sehemu ya kuhifadhi, kwa hiyo dawa za mama na simu na hela muwe navyo mkononi. Paa lake ni duara lenye kipenyo cha mita 160 lililoinamia baharini, na ukuta wa nje wa graniti umechongwa herufi za maandishi ya dunia, aina 120 hivi. Ndani ukumbi wa kusomea unashuka ghorofa kwa ghorofa na mwanga unaingia kutoka juu, kaeni tu muwaangalie wanafunzi wanavyosoma. Kuna na makumbusho ya miswada humo humo.

Montaza, ile bustani ya kifalme, najua mtaambiwa msikose. Ni nzuri ila iko mbali upande wa mashariki, itakula nusu siku, kwa safari yenu mimi naiacha bila kujuta. Na tramu ya mji, ingawa ni ya tangu 1863 na ina raha yake, msiifungie ratiba, laini ya Raml iko kwenye mradi wa kujengwa upya.

Hela: sehemu nyingi za kale siku hizi getini hawachukui keshi, ni kadi tu, hakikisha kadi yako ya benki imefunguliwa kwa matumizi ya nje kabla hujaondoka Tanga. Lakini beba na noti ndogo za paundi ya Misri, za 5, 10 na 20, maana bakshishi, kile kidogo cha kumshukuru anayekuhudumia, ni sehemu ya maisha na chenji hakuna mtu anayo. Mtaani mtaulizwa sana kama ni Wasudani, watoto watawaita ya samra, yaani ewe mwenye ngozi ya maji ya kunde, mara nyingi ni udadisi tu, mama akitoa salamu kwa Kiarabu chake cha swala mazungumzo yanabadilika hapo hapo. Visa msisubiri dakika za mwisho, uliza ubalozi wa Misri mapema kwa wote wawili, na ya kazi yako hakikisha inakuruhusu kubaki siku hizo za ziada.

Kurudi, Jumapili jioni, pandieni Sidi Gaber badala ya Misr, mkitoka upande wa maktaba ni rahisi zaidi kufika. Tiketi ya kurudi ikateni siku ile ile mnayokata ya kwenda, treni za Jumapili jioni zinajaa, na ombeni viti viwili vya pamoja karibu na mlango ili mama asitembee behewa zima.